Barua ya wazi kwa vijana wanaosomea bomu

Wanangu,

Marahaba. Shikamoo zenu zilinifikia kupitia mwenzenu aliyeniletea tasnifu zenu za uzamili nizipitie, kumi na moja kwa jumla. Aliziacha barazani, akaweka jiwe juu yake zisipeperuke. Nimezimaliza kwa wiki tatu. Saba zinahusu mgogoro wa makombora wa Cuba wa mwaka 1962, Marekani na Wasovieti walipokaribia kupigana kwa nyuklia. Mbili zinahusu Korea Kaskazini, moja Iran. Ya mwisho, ya binti ambaye sitamtaja nisije nikamharibia kwa msimamizi wake, inahusu Mkataba wa Pelindaba, ule wa kuifanya Afrika eneo lisilo na silaha za nyuklia. Hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nianze na kuku. Katika mojawapo ya zile saba nimekuta sentensi inayosema Kennedy wa Marekani na Khrushchev wa Wasovieti walikuwa "wakicheza mchezo wa kuku". Nilicheka hadi mke wangu akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Nikamsomea. Akauliza, "Kuku wa nani?"

Mwanangu, hapo hukutafsiri, ulibandika. Wenye mfano huo walikuwa wanawaza vijana wawili wanaoendesha magari uso kwa uso, na anayekwepa kwanza huitwa kuku, maana yake mwoga. Picha hiyo tunayo. Ni mabasi mawili ya mikoani yanayoelekeana kwenye daraja la njia moja, kila dereva kawasha taa kubwa na mkono uko kwenye honi, hakuna anayetaka kurudi nyuma. Ukiiandika hivyo utaona jambo ambalo yule kuku alikuficha: ndani ya mabasi mna abiria. Nadharia nyingi za kutishana kwa nyuklia zimeandikwa kutoka kiti cha dereva. Nyinyi mmezaliwa viti vya nyuma, halafu mnaandika kana kwamba usukani mlikuwa nao.

Na hilo neno "kizuizi" mnalolitumia kwa nadharia nzima ya kumtisha adui asithubutu kupiga, kwangu mimi kizuizi ni lile gogo la ushuru barabarani. Andikeni "kitisho cha kuzuia", au mtafute lenu lililo bora, mradi msomaji aelewe kwamba anayezuiwa anazuiwa na hofu.

Sina ugomvi na Cuba. Nataka tu mwone elimu ile ilivyojengwa. Kwa karibu miaka 30 wataalamu walizichambua siku 13 zile, wakapima busara ya Kennedy kwa mizani, bila kujua kisiwani kulikuwa na nini. Januari 1992, kwenye mkutano uliofanyika Havana, Jenerali wa Kisovieti Gribkov akaeleza kwamba Wasovieti walikuwa wamekwisha kufikisha kule silaha za nyuklia za masafa mafupi, za kupiga jeshi litakalotua ufukweni. McNamara, waziri wa ulinzi wa Marekani wa wakati ule wa mgogoro, alikuwemo mkutanoni. Ndipo alipoyasikia. Baadaye ikatoka pia simulizi ya Vasili Arkhipov, ofisa wa Kisovieti aliyekuwemo ndani ya nyambizi B-59, aliyepinga torpido yenye kichwa cha nyuklia isirushwe tarehe 27 Oktoba 1962. Kwa hiyo wale waliosema viongozi walipiga hesabu wakaelewana, walikuwa wamefundisha hesabu ambayo nusu ya namba zake hawakuwa nazo. Tasnifu saba zenu, ni mbili tu zinazoutaja mkutano wa Havana, tena kwa mstari mmoja.

Sasa nije nyumbani, maana hapo ndipo penye kero yangu.

Agosti 1977 nilikuwa mwanafunzi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watatu chumba kimoja na redio moja ya betri. Usiku ule ikatangazwa kwamba setilaiti ya Wasovieti imeona matayarisho ya kujaribu bomu kwenye jangwa la Kalahari, ndani ya Afrika Kusini ya makaburu. Dar es Salaam ndiyo ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wapigania uhuru tulikuwa tunapishana nao mitaani kila siku. Mwenzetu mmoja, mtu wa Mtwara, akaondoa ramani ukutani, akaitandika kitandani, akachomoa uzi kwenye shuka na kupima kutoka Pretoria hadi Dar. Kisha akaulinganisha na uzi wa masafa ya ndege ya kivita, masafa ambayo nadhani aliyatunga mwenyewe. Uzi ulifika. Hatukulala.

Tarehe 24 Machi 1993 De Klerk, rais wa Afrika Kusini, akasimama bungeni Cape Town akakiri: nchi yake ilikuwa na mabomu sita yaliyokamilika, la saba lilikuwa linatengenezwa, na yote yamekwisha kuvunjwa. Wakubwa wa mradi ule walipoanza kuzungumza, ikajulikana kwamba uzi wetu ulipima upande mwingine kabisa. Mpango wao ulikuwa na hatua tatu. Kwanza, nyamaza, usikiri wala usikane. Pili, hali ikiwa mbaya, wanong'oneze wakubwa wa Magharibi kwamba kitu kipo. Tatu, wasipojali, tangaza hadharani au lipua la majaribio. Bomu lilielekezwa Washington. Ni kama mtoto anayewasha kiberiti karibu na pazia ili baba atoke chumbani aje amwamulie ugomvi.

Nadharia zote mnazozikariri, sijui kama kuna mahali pazuri kuliko hapo pa kuzijaribia. Ni nchi pekee duniani iliyotengeneza mabomu yake yenyewe ikayavunja yenyewe. Ukraine, Belarus na Kazakhstan zilirithi ya Wasovieti. Je, mabomu yale yalizuia chochote? Wanajeshi wa Cuba, waliokuwa wanapambana na makaburu, waliondoka Angola kwa makubaliano yaliyotiwa saini New York Desemba 1988. Yalichangia nini hapo, kama yalichangia? De Klerk alisema sababu ya kuyavunja ni kwamba tishio la Wasovieti limekwisha na bomu limegeuka mzigo. Wapo wanaoshuku kwamba hakutaka ANC ya Mandela iyarithi. Mimi naelemea kwa hao wa pili, lakini kuelemea si ushahidi, na kabla ya tangazo nyaraka za kiufundi ziliamriwa ziharibiwe. Imebaki kazi ya subira: kulinganisha kauli za wazee waliohojiwa, kumbukumbu za wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na nyaraka za nchi nyingine zilizowahi kunong'onezwa. Halafu nyinyi mnaniletea Cuba ya saba.

Nauliza pia: kwa nini hata mmoja wenu hakumtaja Ali Mazrui? Msomi huyo, mtoto wa Mombasa, mwaka 1979 alipewa ile mihadhara ya BBC iitwayo Reith, akasema waziwazi kwamba Waafrika nao watafute nguvu za nyuklia. Miaka miwili baadaye msomi Kenneth Waltz wa Marekani akaandika kwamba silaha hizo zikienea polepole huenda amani ikaongezeka, na huyo mmemnukuu wote kumi na moja. Wawili hawa wanafanana kwa mbali tu. Waltz aliamini hofu itawatuliza wenye bomu. Mazrui alitaka bomu likiingia mikononi mwa watu wasioaminiwa, wakubwa washtuke kiasi cha kuyatupa yao. Nilimpinga wakati ule na nampinga hadi leo, kwa sababu makaburu walikuwa hao hao wasiopaswa kuaminiwa, na wakubwa hawakutupa kitu. Lakini mpingeni kwanza kwa kumsoma.

Liko jambo moja ambalo mnaweza kulifanya kuliko mtafiti wa Stanford au London, nalo ni kuongea. Urani nyingi iliyotumika kwenye bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga, huko Kongo. Edgar Sengier wa kampuni ya Union Minière alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York mwaka 1940, zikakaa ghalani Staten Island hata jeshi la Marekani lilipokuja kuzitafuta mwaka 1942. Watafiti wanaijua sana safari ya mapipa. Waliochimba wanajulikana kidogo mno. Watoto na wajukuu wao wako Likasi na Lubumbashi, na wanaongea Kiswahili, kitamu na cha kwao, kitawasumbua siku mbili tatu kisha mtakizoea. Mgodi ulifungwa rasmi, hata hivyo watu waliendelea kuingia kuchimba, na mwaka 2004 uliporomoka ukaua. Panda basi mwanangu, nenda kaulize babu alikuwa anarudi nyumbani na vumbi gani nguoni.

Na hapa kwetu: Mei 1984 Nyerere alikuwa mmoja wa viongozi sita, pamoja na Indira Gandhi wa India na Olof Palme wa Sweden, waliozitaka nchi za nyuklia zisimamishe majaribio na utengenezaji wa silaha hizo. Nani ameliomba faili hilo kwenye nyaraka za taifa? Mkinyimwa, andikeni kwamba mmenyimwa, na tarehe.

Onyo moja dogo. Mmoja wenu ameweka kiambatisho cha jinsi bomu la Afrika Kusini lilivyounganishwa. Kiondoe. Hoja yako haikihitaji hata kidogo, na kifungu cha tatu cha Pelindaba kinakataza hata utafiti wa kutengeneza kitu hicho.

Binti wa Pelindaba, sasa wewe. Umeandika vizuri kwamba jina lile kwa wenyewe, huko Afrika Kusini, maana yake ni "maneno yamekwisha", na kwamba mkataba ulifunguliwa Cairo Aprili 1996, Salim Ahmed Salim wetu akiwa Katibu Mkuu wa OAU, ukasubiri kuanza kutumika hadi Julai 2009 Burundi ilipokuwa nchi ya 28 kuuridhia. Lakini umeiruka ramani iliyoambatanishwa nyuma. Itazame Bahari ya Hindi, visiwa vya Chagos, penye kambi ya Marekani ya Diego Garcia. Vimeingizwa ndani ya mstari, kisha pakawekwa maelezo madogo kwamba kuwekwa humo hakuamui suala la ni vya nani. Uingereza, iliyokuwa inavitawala, ikasema haikubali viwemo. Urusi ikaweka sharti lake kwa sababu ya kambi hiyo hiyo. Sura yako ya nne imo ndani ya maelezo hayo madogo. Iandike, uniletee kabla ya mwisho wa mwezi, karatasi upande mmoja tu ili nipate pa kuandikia.

Mzee wenu,
Dar es Salaam