YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUFUTWA KWA SIMU BINAFSI YA DEREVA WETU

Kwa Meneja,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini hamjambo na kazi zinaendelea. Kwetu haziendelei, na sababu mnaijua, maana tatizo letu mlilifunga wenyewe kwenye mfumo wenu mkaandika "limetatuliwa". Limetatuliwa kwa nani?

Masharti ya mkataba wa ninyi kutushughulikia kompyuta na barua pepe mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia. Naanza na kilichotokea kaunta kwenu, kwa kuwa ndicho kinachoniuma kuliko hata simu yenyewe mliyoifuta. Nilikuja na dereva wetu, mtu mzima, aliyeanza kupeleka wageni Serengeti fundi wenu akiwa bado hajaanza shule. Simu alikuwa nayo mkononi, imerudi kwenye ule ukurasa wa kuchagua lugha kama iliyotolewa kwenye boksi asubuhi hiyo. Akasalimia. Akauliza kwa upole, "Kijana wangu, vitu vyangu vitarudi?" Salamu haikuitikiwa. Fundi wenu, macho kwenye kompyuta, akamjibu, "Mzee, si ulikubali mwenyewe? Ungesoma kwanza." Halafu akacheka, na mwenzake wa meza ya pili akamsaidia kucheka.

Sisi tuliomba kitu kidogo. Dereva mwingine aliacha kazi, tukawaandikia mumwondoe kwenye barua pepe ya ofisi. Basi. Kubadilisha nywila kungetosha, lakini ninyi ndio mliowaunganisha madereva wote kwenye anwani moja kwa nywila moja, kwa hiyo kuibadilisha kungewalazimu kuzipitia simu zote upya, na hiyo ni kazi. Fundi akaona njia ya mkato: akafungua orodha ya simu kwenye seva, ile kompyuta ya barua pepe inayoweza kutuma amri kwenye simu zilizounganishwa nayo, ili aiondoe ya aliyeacha kazi. Mle simu mbili zilikuwa za modeli moja. Hakupiga simu kuuliza ipi ni ya nani. Alibahatisha, na hata baada ya kubahatisha hakuchagua amri ya kuondoa akaunti ya kazi peke yake, ambayo ipo kwenye seva hiyo hiyo. Alichagua ile inayofuta simu nzima.

Wakati anabonyeza, mzee wetu alikuwa uwanja wa ndege wa KIA, kibao chenye majina ya wageni mkononi, ndege imeshatua. Simu ikajizima, ikawaka ikiwa tupu. Jina la loji, mabadiliko ya ratiba yaliyotumwa mchana ule, namba yangu, vyote havipo. Akaazima simu ya dereva teksi, lakini nani siku hizi anashika namba kichwani? Aliyoikumbuka ni ya mke wake tu, yuko Usa River, na huyo mama ndiye aliyenitafuta mimi kupitia jirani mpaka akanipata. Wageni walisubiri nje ya uwanja na mizigo yao wakati sisi tunapigiana simu za kuazima. Mnajua mgeni akifika nchini hivyo anaandika nini mtandaoni akirudi kwao.

Kuhusu vilivyopotea, msifikiri ni picha za kupiga soga. Mzee huyu ni mweka hazina wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kwao, na kumbukumbu za michango na mikopo alikuwa akiziandika humo. Sasa wanachama wanamuuliza kila mmoja amebakiza kiasi gani, naye anajibu kwa kukisia, jambo ambalo kwa mtu mwaminifu ni fedheha. Ilikuwemo pia orodha yake ya ndege aliowaona porini, aina, mahali na tarehe, ya miaka mingi. Kwa dereva mwongozaji hiyo ni mtaji. Hakuna duka linaloiuza.

Na haya tuliyaona yakija. Siku mnakuja kuunganisha niliwaambia wazi: tumieni programu ya barua pepe ya Outlook, kwa sababu hata amri ya kufuta ikitumwa huko, zinazoondoka ni barua za kazi ndani ya programu, simu inabaki ilivyo. Fundi akasema programu hiyo inamaliza bando. Akaunganisha kwa ile ya barua pepe iliyokuja na simu, ambayo haipokei kitu mpaka mwenye simu akubali seva iwe msimamizi wa kifaa chote.

Naomba sasa nirudi kaunta, maana kuna jambo sikulisema hapo juu. "Ulikubali mwenyewe." Siku hiyo mzee alikuwa chini ya gari uani kwetu, anabadilisha springi, mikono imejaa grisi. Fundi wenu, huyo huyo, ndiye aliyeichukua simu juu ya boneti, akamwomba aitaje namba ya kuifungua, akabonyeza kukubali mwenyewe na kuirudisha pale pale. Nilikuwepo. Kwa hiyo siku ile kaunta kijana alikuwa anamcheka mzee kwa kosa la kidole chake yeye. Mzee alinyamaza, akaizima simu, akaiweka mfukoni, akaniambia, "Mama, twende." Wateja wenu wawili walikuwa wamekaa pale wakimtazama. Hata kiti hakupewa.

Nilipoanza kuandika nilitaka barua ya kumwomba radhi na gharama za kujaribu kurudisha vitu vyake. Bado navitaka. Barua iandikwe kwa jina lake, si kwa jina la kampuni yetu, na iletwe na aliyecheka. Lakini pia ondoeni usimamizi wenu kwenye simu zote za madereva, wiki hii. Nimeambiwa sera mliyoiweka inaifuta simu yenyewe nywila ya kuifungua ikikosewa mara kadhaa. Hawa watu wana watoto nyumbani wanaochezea simu! Aidha, ada ya kuunganisha irudishwe yote, pamoja na fidia ya vilivyofutwa, kiasi atakachokitaja mzee mwenyewe na si mhasibu wenu.

Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Taarifa za wanachama wa VICOBA hazikuwa mali yenu kuzifuta. Malalamiko kwenda Tume nimeshayaandaa pamoja na barua pepe zenu zote, ikiwemo ile ya "limetatuliwa".

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nikikumbuka kile kicheko, nawapa saba. Zikipita kimya, Tume itapokea yake, mwanasheria wetu atapokea yake, na mkataba tutauvunja bila kusubiri mwisho wa mwaka. Wenzangu wa kampuni za safari hapa mjini wananiuliza kila siku nani anatushughulikia kompyuta. Hadi sasa sijawajibu.

Fundi yule asitumwe tena ofisini kwetu kwa kazi yoyote nyingine. Mlinzi wa getini ameshaelekezwa.

Wenu katika kazi,
Msimamizi wa Safari

Nakala: Mkurugenzi wetu, Mwanasheria, Dereva mhusika