Waraka wa Jumamosi, Kilwa Masoko: njooni na leseni, bunduki zibaki nyumbani

Wakubwa shikamooni, wengine salaam. Jumamosi sisi wenye bunduki za leseni tunaandika waraka wa kupinga masharti yanayotubana katika Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kila hoja itaje kifungu chake. "Tunaonewa" tupu hakuna atakayeisoma. Wenye mashamba waandike ekari, zao na mnyama anayesumbua, mfano nguruwe pori kwenye mihogo.

Kabla ya kuja kagueni namba ya silaha. Toa risasi zote, chungulia chemba (pale risasi inapokaa) kuhakikisha ni tupu, futa namba kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha mulika tochi kwa ubavu usome tarakimu mojamoja. Chumvi ya pwani hula chuma, 8 ikasomeka 3, na namba isiyolingana na leseni itatuvurugia waraka mzima. Magobore yasiyo na leseni hatuyatetei, jamani.