Usiisikilize peke yako

Kaloleni, Arusha
Jumapili, saa nne usiku

Chalii yangu Kijiti,

Salamu nyingi toka huku Arachuga. Sisi hatujambo. Mama anaendelea na dawa zake za presha, watoto wamefunga shule, mvua imetushika tangu Jumatano na Meru hatujauona wiki nzima. Shemeji hajambo? Junia ameshapona mguu? Najua barua hii imechelewa, na najua kwa nini imechelewa, tutafika huko. Lakini nina jambo ambalo nisipolitoa leo sitalala.

The Roots, bendi yetu ya hip-hop ya Philadelphia, wanaleta albamu.

Najua, najua. Tumeambiwa hivyo mara ngapi? Ya mwisho ilitoka Mei 2014, Junia wako alikuwa hajazaliwa, na tangu hapo kila tukigeuka tunaambiwa ipo jikoni. Ila juzi nilikuwa nanyolewa pale kwa Mangi, dogo mmoja pembeni yangu anaangalia mahojiano kwenye simu. Nikaisikia ile sauti. Nikamwambia kinyozi azime mashine. Questlove huyo, mpiga dramu wao, chanuo limechomekwa kichwani kama siku zote, anaizungumzia albamu mpya. Dogo ananishangaa. Kwake yeye yule ni mzee anayepiga dramu kwenye kipindi cha Jimmy Fallon, basi. Nilimsomesha nusu saa nzima, mpaka kinyozi akaanza kumnyoa mtu mwingine.

Sasa ombi langu ni hili, ndilo lililonikalisha chini: ikitoka, usiisikilize peke yako. Hata kama itatoka usiku wa manane ukaiona kwenye simu, usiiguse. Nisubiri.

Unakumbuka ile ya 1999 tuliisikilizaje? Kaka yake Profesa ametoka Dar na kanda ya TDK ya dakika 90, imeandikwa "ROOTS" kwa kalamu nyekundu, hakuna kava, hakuna majina ya nyimbo. Chumba cha Profesa kule Ngarenaro, umeme unakatika kila saa moja usiku, tunanunua betri nne za redio kwa kuchangishana. Upande A ulikata wimbo katikati. Mpaka leo nikiusikia wimbo ule kwenye simu, ukifika pale nasubiri mtu anyanyuke akageuze kanda. Na wewe na kijiti chako cha mwarobaini mdomoni, unasikiliza besi tu, mengine hayakuhusu. Halafu tukaja kuiona picha yao, mpiga besi mwenyewe, Hub, naye anatafuna kijiti! Profesa alicheka hadi akatoka nje. Jina lako lilipatikana siku ile, na wanao wakiuliza waambie ukweli huo.

Ninachokumbuka zaidi ni ubishi wetu kuhusu zile dramu. Mimi niliapa ni mashine. Hakuna mtu anayepiga kwa mikono akanyooka namna ile. Profesa akasema subirini mwisho wa "You Got Me". Tukasubiri. Erykah Badu anamaliza kiitikio, na zile dramu zikaacha kutembea zikaanza kukimbia, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Hapo nikaamini kuna binadamu mle ndani. Sote tulikuwa tumezoea midundo ya kukata vipande kwenye rekodi za wazee na kuvizungusha, kumbe kuna watu Philadelphia walianza kwa kupiga barabarani, South Street, mmoja anagonga, mwenzake anachana, wapita njia wanatupa sarafu. Walikutana shuleni 1987. Mwaka huo sisi tulikuwa hatujui hata kuvaa viatu vya kamba.

Na lile jina la albamu, Things Fall Apart. Profesa alirudi kutoka maktaba anatetemeka kwa furaha, ameshika "Shujaa Okonkwo", tafsiri ya Kiswahili. Kumbe Things Fall Apart ni kitabu cha Chinua Achebe, na Achebe naye alilichota jina kwenye shairi la Yeats, Mwairlandi. Alitusimamisha pale kwenye kona ya Soko Kuu akatueleza: jina limetoka Ulaya, likapita Nigeria, likaenda Marekani, likarudi Afrika ndani ya kanda iliyorekodiwa, likatua Ngarenaro. Nadhani ndiyo siku tulipoanza kumwita Profesa kwa heshima. Kabla ya hapo tulikuwa tunamtania.

Hofu ninayo, sikufichi. Wanamuziki wakikaa kimya miaka zaidi ya kumi, kuna siku wanarudi sauti imechakaa na hawana la kusema. Lakini nikikaa nikafikiri, hawa hawajakaa kimya. Black Thought, mchanaji wao, Desemba 2017, alichana dakika kumi hivi mfululizo kwenye redio moja ya New York, wakati wengine wa rika lake wameshaanza kusimulia habari za zamani tu. Mwaka 2022 akafanya albamu na Danger Mouse, 2023 akafanya na El Michels Affair. Umezisikiliza? Mdomo wake umezidi kuwa mkali. Questlove naye amekwenda kwenye filamu, akapata Oscar 2022. Na usiku kwa usiku bendi ipo kwenye runinga, tangu 2009, inapiga na kila mgeni anayepita. Watu wanaona kazi ile imewapoteza. Mimi naona ni mazoezi ambayo bendi nyingine ya hip-hop haijawahi kuyapata.

Tena wale A Tribe Called Quest walikaa miaka 18, toka 1998 mpaka 2016. Phife, mchanaji wao, alifariki Machi, albamu ikatoka Novemba ikiwa na sauti yake, na haikuwa albamu ya kuhurumiwa hata kidogo. Kwa hiyo inawezekana.

Kinachoniuma ni kitu kingine. Malik B, mchanaji mwenzake Black Thought, alifariki Julai 2020, ana miaka 47. Hub akafuata Desemba 2021. Najua Hub alikuwa ameshaondoka kwenye bendi tangu 2007, na Malik alitoka baada ya ile albamu ya kanda yetu, akawa anarudi kama mgeni tu. Lakini nilikuwa nao moyoni kama bado wapo. Siku nilipopata habari za Hub nilichukua simu nikuandikie. Kijiti amefariki, ndivyo nilivyotaka kuandika, nikaona mkono unakataa, maana Kijiti ni wewe. Nikaiacha. Wiki chache baadaye mama yake Profesa akafariki, ukaja msibani, na unajua tulivyoachana.

Sasa tumefika. Niseme tu. Ulisema pale nyuma ya turubai, "Mwache, yule ameshapotea." Profesa amekuja kwenye maziko ya mama yake amelewa, na fedha za rambirambi hazikuonekana. Ulikuwa na haki ya kukasirika, hata mimi nilikuwa nimekasirika. Lakini lile neno sikuweza kulimeza. Nikakujibu vibaya mbele ya shemeji, na hilo nakuomba radhi, nimechelewa mno kukuomba. Nilipaswa kukupigia siku ile ile ulipofika nyumbani.

Kilichonirudisha ni wimbo mmoja kwenye ile ya 2002, Phrenology. Unaitwa "Water". Tuliupenda kwa mdundo tu, tukawa tunaubofya tu tunapita. Mwezi uliopita nikausikiliza na mistari yake naisoma. Black Thought anazungumza na Malik humo. Anakumbuka walikotoka, anamwambia wazi kwamba mambo yanamharibikia, na wakati huo huo anamwita. Hajamfuta. Na miaka minne baadaye Malik yumo tena kwenye Game Theory, anachana. Nilizima simu nikakaa gizani, mke wangu akadhani kuna habari mbaya.

Ndiyo maana naingoja albamu hii namna hii. Nataka kusikia wana nini cha kusema Black Thought na Questlove, waanzilishi waliobaki, baada ya kuzika. Kaka zetu X Plastaz hapa hapa Arusha waliyaonja hayo. Faza Nelly wao alipouawa 2006 tuliulizana, wewe ndiye uliyeuliza, kwamba kundi lililoanza 1996, lililomwingiza Mmasai na uimbaji wake kwenye rap mpaka dunia ikasimama kusikiliza, linaanzaje tena kesho yake asubuhi? Nani anasimama mahali pake jukwaani? Swali lile hatukulijibu. Nadhani hawa wa Philadelphia wanaweza kutuonyesha kitu, na sitaki kukisikia nikiwa peke yangu na visikizio masikioni ndani ya haisi ya Sakina.

Basi narudia. Usiiguse. Redio ya Profesa ninayo mimi, niliinunua kwa yule aliyekuwa ameiwekea rehani, nimebadilisha mkanda wa deki na kichwa chake, inapiga. Spika moja inakwaruza kidogo ukiongeza sauti, nitaishughulikia. Albamu haitakuja kwa kanda, hilo nalijua, lakini nimechomelea waya wa kuunganisha simu. Tutasikiliza mwanzo mpaka mwisho, hakuna kuruka wimbo, na katikati tunasimama tunageuza upande hata kama hakuna cha kugeuza.

Profesa naye, chalii yangu. Anaosha magari pale mtoni. Nilipita Jumanne kumsalimia, nikamkuta macho meupe, hana harufu. Anasema ana wiki ya tatu. Sijui zitafika ngapi, sikuahidi kwamba amepona. Nilimnunulia mtori tukakaa. Nikamwambia habari za albamu. Alinyamaza muda mrefu, anauzungusha ukucha kwenye ukingo wa bakuli. Halafu akauliza swali ambalo limenifanya nikuandikie wewe na si mtu mwingine. Utalikuta mwisho.

Kwanza nijibu haya. Likizo yako ni lini? Ukipanda basi la alfajiri Mtwara unalala Dar au unaunganisha? Au tukutane Moshi kwa dada yako, nimlete Profesa mpaka pale, ni kilomita themanini tu na nauli nitalipa mimi? Shemeji bado amenikasirikia? Nimwandikie yeye mwenyewe? Na wewe, ukimwona Profesa mlangoni, utamkaribisha? Nijibu ukweli hata kama ni hapana, nitajua nifanyeje. Ile CD ya Things Fall Apart uliyoileta kutoka Nairobi, ipo? Bado unatafuna mwarobaini au daktari wa meno ameshakukataza?

Na lile swali. Unakumbuka ulipoigeuza ile CD tukakuta nyimbo zinaanzia namba 54, tukadhani kiwanda kimekosea? Ni wewe uliyekwenda kuhesabu: Organix nyimbo 17, ya pili 16, Illadelph Halflife 20, ikatimia 53. Ukarudi unapiga kelele kwamba jamaa hawajawahi kuanza upya, kila albamu wanaendelea pale walipoishia. Ukafungua daftari la hisabati ukawa unaandika kila wimbo wao na namba yake.

Profesa aliniuliza, "Sasa hii mpya itaanza na namba ngapi?"

Nilishindwa kumjibu. Daftari unalo?

Ni mimi wako,
Fundi