Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: Fungeni mabanio ya Usangu mavuno yakiisha

Mheshimiwa Waziri,

Salaam, na pole na majukumu.

Mto Ruaha Mkuu umekatika tena. Chini ya Ng'iriama, pale maji ya Ihefu, kinamasi cha bonde la Usangu mkoani Mbeya, yanapovuka mwamba na kuteremka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, umebaki mchanga na madimbwi. Najua hii si habari mpya mezani kwako. Mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima ulianza kukauka kiangazi cha 1993, na tangu hapo kila awamu imesikitika kwa zamu yake. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi, tena mbele ya wageni huko London, kwamba kufikia 2010 maji yangerudi kutiririka mwaka mzima. Ikaja 2010, ikapita. Mwaka 2017 kikazinduliwa kikosi kazi pale Iringa, mzinduzi akiwa Makamu wa Rais wa wakati huo, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan. Leo yeye ndiye Rais. Kwa hiyo tafadhali tusiambiwe kwamba suala hili bado halijafika ngazi za juu.

Nianze na ng'ombe, maana ndiye aliyebebeshwa kesi. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu, na 2008 Ihefu ikaingizwa ndani ya hifadhi. Mto uliendelea kukauka. Ng'ombe hunywa, hukanyaga na hutibua maji, hilo sibishi, ila sijapata kusikia ng'ombe aliyefungua lango la banio, kile kizuizi cha mtoni kinachogeuza maji kwenda mfereji wa mashamba ya mpunga.

Maji ya kiangazi yanaishia kwenye mifereji. Zamani banio lilikuwa miti, mawe na nyasi; lilivuja usiku na mchana, na huko kuvuja ndiko kulikouweka mto hai. Tukaja na maendeleo: ukuta wa zege kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, lango la chuma upande wa mfereji. Masika ukuta huo hauna neno, maji yanapita juu yake. Septemba, mto ukiwa umebaki kijito, maji hayafiki juu ya ukuta. Yote yanageukia mfereji. Lango la kusafishia mchanga, ambalo lingeweza kuyapitisha chini, hufungwa, au limezibwa kwa viroba vya mchanga, au uzi wa skrubu umekufa na halipandi wala halishuki.

Kisha tazama vibali. Kibali kinaandikwa lita kadhaa kwa sekunde, kana kwamba mto ni bomba la DAWASA. Mwenye kibali cha lita 300 akikuta mto una lita 200, anachukua zote 200 na bado yuko ndani ya haki yake. Pengine atakulalamikia kwamba hukumtimizia. Na kwa kuwa amelipa ada ya mwaka, anaona amenunua. Kumbe Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, halafu mazingira, ndipo zifuate shughuli za uchumi, mpunga ukiwemo. Huko kwenye banio utaratibu umegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Utauliza: mpunga umevunwa Mei na Juni, maji ya Agosti yanakwenda wapi? Mengine yanasambaa kwenye majaruba yasiyo na kitu. Mengine, kuanzia Septemba na Oktoba, yanalainisha ardhi ya vitalu vya wanaowahi, kwa sababu mchele wa mwanzo wa msimu una bei. Na mengine, na hapa nawaonea huruma, yanaachwa mferejini kwa sababu vijiji vya kandokando vinayachota kwa ajili ya kunywa na kufua. Lakini piga hesabu. Lita moja kwa sekunde ni lita 86,400 kwa siku. Kwa lita 25 kila mtu, inatosha watu 3,456. Mfereji unaopitisha lita 100 kwa sekunde ungetosha watu zaidi ya laki tatu, ila unaachwa wazi ili kijiji kimoja kijaze ndoo. Yaliyobaki yananywewa na udongo na jua. Visima virefu na vilula vingemaliza hilo, na hiyo ni kazi ya wizara yako, si ya mwingine.

Kiasi kinachotakiwa kinajulikana. Watafiti walishapima: ili zipite lita 500 tu kwa sekunde pale Ng'iriama wakati wa kiangazi, Ihefu inahitaji kuingiza kama lita 7,000. Nyingi huliwa na jua na matete kabla kina hakijafika usawa wa mwamba. Maji yakiwa chini ya mwamba hata kwa kiganja, chini ya Ng'iriama halipiti tone. Ndiyo maana kufunga banio moja kwa ajili ya picha za televisheni hakusaidii. Yafungwe ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha wenyewe kwa pamoja, mapema, kabla Ihefu haijashuka.

Mkichelewa, viboko wanarundikana kwenye dimbwi moja, kinyesi kinajaa, maji yasiyotembea yanaishiwa hewa na samaki wanakufa. Nyati na kuro hawaendi mbali na maji, nao wanabanana hapohapo na mamba.

Kuhusu umeme sisemi mengi. Bwawa la umeme la Mtera hujazwa na maji ya masika, pamoja na Ruaha Mdogo na Kisigo. Anayekuambia kufunga mabanio kiangazi kutamaliza mgawo anakudanganya. Fungeni kwa sababu ya mto.

Kibali kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, iliyo chini yako. Banio ni la Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, Kilimo. Wanyama ni wa TANAPA, Maliasili. Mabwawa ni ya TANESCO, Nishati. Wote hukaa meza moja, hunywa chai, husaini mahudhurio. Ufunguo wa lango anao nani, Mheshimiwa? Hilo halimo kwenye muhtasari wowote.

Ombi letu ni hili. Julai hadi mvua zianze, malango ya mifereji yafungwe na ya kusafishia mchanga yaachwe wazi. Kuta za zege zichongwe mwanya chini, ili kijito kigawanywe kwa uwiano, nusu kwa nusu ikibidi, badala ya kwa lita. Kipimo cha Ng'iriama kibandikwe kila wiki pale halmashauri Rujewa, kila mtu akisome. Na kama yote matatu ni mengi kwa bajeti hii, basi lile la kwanza. Halihitaji mfadhili, linahitaji kufuli.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi wa chini ya Ng'iriama