Picha za majengo ya kale ziandikwe mwaka na mtaa

Mhariri,

Jengo likishabomolewa, ramani hubaki na vipimo tu. Sura yake huihifadhi picha. Katika miaka ya 1860, jiji la Paris lilimpa Charles Marville kazi ya kupiga picha mitaa ya zamani kabla haijavunjwa kupisha barabara pana za Haussmann, kiongozi aliyesimamia ujenzi mpya wa jiji hilo. Zitazame picha hizo kwa karibu: mfereji wa maji katikati ya njia, mawe yaliyolowa, matangazo ukutani. (Wapita njia ni nadra, kwani kamera za enzi hizo hazikuweza kumnasa anayetembea.)

Kinachonikera ni picha za kale kusambazwa bila mwaka wala jina la mtaa. Wenye albamu, andikeni nyuma kwa penseli laini, si kalamu. Wino hupenya hadi mbele.

Msomaji wako