Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaoishia Desemba 2025. Chama hiki kinawaunganisha madaktari, wataalamu wa uvuvi, wahandisi wa maji, wanatakwimu, walimu na maofisa maendeleo ya jamii walioko Mwanza mjini, Ukerewe, Sengerema, Magu na Misungwi. Kwa kuwa hatuwezi kukutana ana kwa ana kila mara, sehemu kubwa ya kazi zetu hufanyika mtandaoni.

Shughuli za kawaida mnazifahamu na sitazirudia kwa kirefu. Vikao vya mtandaoni vya kila mwezi viliitishwa, mafunzo ya kutumia majedwali ya pamoja yalifanyika Nyegezi na Nansio, wanachama wapya 6 walipokelewa, na wenzetu waliofiwa walifikishiwa rambirambi kwa utaratibu uleule wa siku zote.

Jambo linalostahili nafasi kubwa katika taarifa hii ni uamuzi wa kamati tendaji wa mwezi Machi, ambao umezungumzwa sana pembeni na kidogo sana vikaoni. Kamati iliamua kuvunja makundi ya WhatsApp ya kila taaluma, kulibakiza kundi kuu kwa ajili ya matangazo peke yake, na kuhamishia kazi zote kwenye nyaraka na majedwali ya pamoja, ambako wanachama hupangwa kufuatana na swali wanalolitafutia jibu, bila kujali taaluma zao. Wapo waliosema kwamba tumewadharau wataalamu, na wapo waliojiondoa katika kundi kuu siku ileile bila kuaga. Ninawaheshimu wote, lakini ninautetea uamuzi huu bila kusita, kwa sababu mimi ndiye niliyeupendekeza na ninajua ulitokana na nini.

Chukueni suala la kichocho, ugonjwa unaoambukizwa kwa kuingia katika maji yenye vimelea, ambalo tumelishughulikia kwa muda mrefu kuliko jingine lolote. Madaktari wetu walikuwa na kumbukumbu zilizopangwa kwa shule, kwa sababu dawa ya prazikwanteli kwa kawaida hugawiwa kwa wanafunzi. Wenzetu wa uvuvi walikuwa na kumbukumbu zilizopangwa kwa mwalo, yaani mahali wavuvi wanapotia nanga na kushusha samaki, na wahandisi wa maji walipanga zao kwa kisima na bomba. Kila kundi lilijadiliana lenyewe kwa lenyewe, likakubaliana lenyewe kwa lenyewe, kisha likaleta kwenye kundi kuu hitimisho ambalo wengine hawakuweza kulipima. Kila mwamba ngoma alivutia ngozi kwake. Hapakuwa na mtu aliyekosea hesabu, ila hesabu zenyewe hazikuwa na mahali pa kukutania. Tulipotengeneza jedwali moja lenye orodha ya vijiji, na kila mtaalamu akatakiwa kuandika shule, mwalo au kisima chake kipo kijiji gani, ndipo ilipoonekana kwamba mialo kadhaa yenye wavuvi wengi haina shule karibu, na kwa hiyo watu wazima wanaoingia majini kila siku hawakuwa wakionekana katika kumbukumbu za ugawaji wa dawa.

Katika jedwali hilohilo, mwanachama mmoja wa uvuvi aliandika maelezo mafupi ambayo kwa maoni yangu ndiyo mchango mkubwa kuliko yote mwaka huu. Alieleza kwamba wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na kulala mchana, na kwamba mbalamwezi inapokuwa kali hupumzika, wengine wakirudi makwao. Timu ya afya inayofika mwaloni mchana katika siku za usiku wa giza huwakuta wamelala, na ikichelewa hadi siku za mbalamwezi kali huwakosa wale waliorudi makwao. Daktari aliyesoma maelezo hayo alipendekeza ratiba ifuate mwezi wa angani, na pendekezo hilo limo katika andiko letu. Maelezo kama hayo yasingefika kwa daktari kupitia kundi la wavuvi, kwa kuwa kwa wavuvi si habari.

Wanaodhani kwamba jambo hili ni la utaratibu tu, nawakumbusha historia ya magugumaji katika ziwa letu. Gugu hilo lenye asili ya Amerika ya Kusini liliingia Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likaziba mialo na bandari, kisha likapungua kwa kasi kuelekea mwisho wa miaka ya 1990. Wataalamu wa wadudu waliwataja fukusi walioachiwa kulitafuna. Wengine wakazitaja mvua na hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998. Mabishano hayo yaliendelea katika majarida ya kisayansi miaka mingi baadaye. Ninaamini kwamba kama vipimo vya wadudu, mawimbi, mwanga wa jua na eneo lililofunikwa vingekuwa vinawekwa mahali pamoja tangu mwanzo, ubishi ungekuwa mfupi zaidi.

Ipo pia sababu ya kisheria, na hapa sitarudi nyuma hata hatua moja. Katika kundi mojawapo la zamani iliwahi kutumwa picha ya daftari lenye majina ya watoto na majibu ya vipimo vyao, ikasambaa kwa watu wasiohusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatutaka tuzilinde taarifa za namna hiyo. Katika jedwali la sasa majina hayaingii, na anayeruhusiwa kuona safu fulani anajulikana.

Wapo wanaolalamika kwamba kuandika kunachosha kuliko kutuma sauti. Ninakubali kwamba kunachosha. Hata hivyo, mwanachama aliyeko Ukerewe mwenye mtandao dhaifu na bando dogo anaweza kusoma mistari mitatu usiku mtandao ukitulia, lakini hawezi kupakua sauti kumi za dakika nne kila moja, na mhandisi anayetafuta kipimo kilichotajwa miezi miwili iliyopita hawezi kukipekua ndani ya sauti. Isitoshe, jedwali linaonyesha nani aliandika nini na lini, jambo ambalo limemaliza ule ugomvi wa majina ya kutangulia katika ripoti.

Kuhusu madai kwamba uamuzi ulipaswa kupitishwa na mkutano mkuu, katiba inaipa kamati mamlaka ya kupanga nyenzo za kazi. Zaidi ya hayo, kabla ya Machi niliitisha mkutano mara mbili, na mara zote mbili akidi haikutimia. Waliokosekana ndio wanaolalamika zaidi.

Hapo ndipo ninapolazimika kusema wazi kuhusu mahudhurio. Ada hazilipwi, vikao havihudhuriwi, na wengi wanaoingia katika kikao cha mtandaoni huzima kamera na sauti na hawajibu wakiitwa kwa majina. Kwa kikao cha ana kwa ana, wenzetu wa Sengerema walikuwa na haki ya kutaja foleni ya kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni, na mahudhurio yao hayajabadilika. Kati ya wanachama 64 walioorodheshwa, 23 wamelipa ada ya Sh 50,000 kikamilifu na 41 hawajalipa chochote, yaani chama kinadai Sh 2,050,000. Mapato yalikuwa Sh 1,270,000 pamoja na viingilio, salio la mwaka uliopita Sh 90,000, na matumizi Sh 1,480,000. Pengo la Sh 120,000 nililiziba kutoka mfukoni mwangu ili huduma ya vikao vya mtandaoni isikatwe, na mweka hazina anazo stakabadhi kwa yeyote anayetaka kuziona.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kupanua jedwali la vijiji lifike visiwa vingine, kuanzisha kundi la swali la ufugaji wa samaki katika vizimba, na ikiwezekana kupata wenzetu wa Kisumu na Jinja, kwani ziwa ni la nchi tatu. Hayo yatategemea fedha na utayari. Wale waliojiondoa nafasi zao zipo, hasa wahandisi wawili wa maji, ambao safu zao za visima katika jedwali zimebaki wazi tangu Aprili na hakuna mwingine kati yetu anayeweza kuzijaza.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti