Misemo ya baba mkwe

Mpendwa shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka Iowa, huku Marekani. Sisi wazima, theluji imekwisha na matrekta yameanza kunguruma.

Uliniuliza watu wa shambani huku wanazungumza nini. Wanasema machache, ila karibu kila neno la baba mkwe limetoka kwenye udongo, mifugo au mvua. Amezaliwa shamba hili hili.

Wiki hizi kila mtu anatazama miti. Wazee husema majani ya mwaloni yakifika ukubwa wa sikio la kuchakuro, panda mahindi. Siku hizi wana vipimajoto vya kuchomeka ardhini, na wanangoja udongo ufike nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Lakini mzee lazima kwanza akachume jani, alilaze juu ya kidole gumba, alitazame. Nampenda sana akiwa hivyo.

Msemo mwingine ni kwamba mahindi yafike magotini ifikapo tarehe 4 Julai, sikukuu yao ya uhuru. Zamani hiyo ilikuwa dalili ya mavuno mema. Tangu mbegu chotara zienee hapa miaka ya 1930, na watu wakawa wanapanda mapema zaidi, tarehe hiyo mahindi huwa kifuani au yamempita mtu kimo. Mzee bado anausema, mahindi yakiwa yamemfunika mabega, kwa sababu babake aliusema akiwa amesimama papo hapo.

Na ule wa kuanika nyasi jua lingali linawaka, huku ni suala la usalama. Nyasi zikifungwa marobota na unyevu wake, hujipasha joto kwa ndani, hata huweza kuwaka na kuteketeza ghala zima. Ndiyo maana mzee huchukua konzi ya nyasi, akazisokota karibu na sikio. Zikikatika kwa mlio, kazi inaanza. Zikijikunja tu, watu wanarudi kunywa kahawa.

Kujisifu hakuna. Maghala yakijaa, jirani akiuliza, jibu la mzee ni "si mabaya sana." Wengine humwona mkavu. Mimi naona ni adabu, maana huenda mvua ya mawe ilimpiga huyo jirani.

Kuagana ndiko kunakonikumbusha nyumbani. Mtu hupiga mapaja kwa viganja, akasema "haya, nadhani," kisha mazungumzo yanahamia mlangoni, halafu kwenye gari. Neno la mwisho ni "angalia kulungu," kwa sababu hukatiza barabara ghafla usiku, hasa Novemba. Mume wangu anasema hajawahi kusikia babake akitamka "nakupenda," lakini hajaondoka hapa hata siku moja bila kuambiwa aangalie kulungu.

Nimemsimulia mzee jinsi bibi yako kule Lushoto alivyokuwa akisoma mawingu kabla ya vuli. Anataka maneno yenyewe, neno kwa neno. Niandikie basi, usikawie.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Shoga yako